Walimsifu kwa Kutolia

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Ukitoka sokoni kwa mlango wa nyuma, ukakunja kushoto penye duka la vioo, utaisikia mashine yake kabla hujamwona mwenyewe. Anatengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Watu wanamwita Chuma, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Akiungua mkono anaufuta kwenye suruali, anaendelea. Akiumwa jino anahamia upande wa pili wa kutafuna. Mimi ni dada yake, msusi, saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, na mdomo wangu unafika mbali kuliko mashine yake. Kwa hiyo haya nitayasema mimi, maana yeye ukimuuliza habari za mwanawe atakwambia tu, mambo yalikwenda salama, tunashukuru.

Tunashukuru nini? Hapo ndipo mori unaponipanda.

Ngoja nianze na yeye mwenyewe. Baba yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa hata meno ya mbele hayajarudi. Akajitokeza mtu mzima mmoja, mtu na akili zake, akamshika bega pale pale mbele ya jeneza, akamwambia, wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba hii, na wanaume hawalii. Mimi msichana nikaachiwa nilie mpaka nikachoka. Yeye akafunga mdomo. Jioni ile aligawa maji kwa wageni, na kila mgeni akampapasa kichwa na kusema, huyu kweli mwanaume. Sijui huyo mtu mzima alikwenda kulala usingizi gani.

Akakua hivyo hivyo. Akajifunza ufundi, akaoa, na yeye na wifi yangu wakakaa muda mrefu wakisubiri mtoto mpaka majirani wakaanza kuwapa majina ya waganga. Mwishowe wakapata mmoja tu, wa kiume, mwembamba, mwenye maswali. Shangazi, kwa nini nywele hazina damu? Shangazi, ukisuka mtu mwenye mawazo, mawazo yanatoka? Nilikuwa namfukuza saluni kwa maneno na kumrudisha kwa biskuti. Akiwa darasa la tatu akaanza kuchechemea. Tukasema amejigonga kwenye mpira, tukakanda kwa maji ya moto. Goti likavimba, likaendelea kuvimba, na siku moja wifi akamvua suruali akaona mguu mmoja umekuwa wa mtoto mwingine.

Hospitali kubwa wakamlaza. Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu cha vitanda vya buluu, rangi imebanduka pale ambapo kina mama wanashika, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inayokufuata mpaka kwako. Wakamkata kipande cha ule uvimbe ili wakakipime. Siku ya kufungua vidonda watoto wote wa wodi ile walilia, kama ilivyo haki yao. Wetu hakulia. Aliuma shuka. Baba yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na mtoto alimtazama baba yake tangu bandeji ya kwanza mpaka ya mwisho. Daktari wa zamu akafurahi, akapiga makofi, akasema, jamani, huyu si mtoto, huyu ni komandoo.

Jina likamkaa siku ile ile. Manesi wakamwita Komandoo, wafagiaji wakamwita Komandoo, na mdogo wangu, ambaye sijawahi kumwona akijisifu kwa kitu, akaja saluni kwangu mbele ya wateja akaniambia, dada, unajua mwanangu wanamwitaje? Uso wote umemchangamka. Mtoto mwingine akigoma sindano, wanamwambia mwangalie mwenzako Komandoo. Mtoto wa kitanda cha jirani alipiga kelele mchana kutwa mpaka wakamletea dawa ya maumivu, akalala. Wetu alinyamaza, akaletewa makofi. Sasa wewe niambie, makofi yanatuliza mfupa?

Kila asubuhi madaktari wanapita na kundi lao. Komandoo, vipi leo? Vizuri. Safi sana, wanasema, wanahamia kitanda kinachofuata. Sekunde hazijatosha hata kumtazama usoni. Mimi nilikuwa namwona. Jasho lilikuwa limelowesha mto, na vidole vya mguu mzima vilikuwa vimejikunja na havikunjuki. Nikamwambia nesi mmoja, huyu mtoto anaumwa. Akanijibu kwa upole kabisa, shangazi, tumemuuliza mwenyewe, amesema haumwi. Basi likaishia hapo, kana kwamba mtoto ameweka sahihi.

Majibu ya kipimo yakarudi, na yalikuwa mabaya. Saratani ya mfupa, na ilishapanda kwenye mapafu. Walijaribu dawa zao, mtoto akakonda akanyonyoka nywele zote, na uvimbe haukujali. Mwishowe daktari mkubwa akawaita mdogo wangu na wifi kwenye chumba kidogo, akawaambia kwamba kuponya haiwezekani tena, lakini kumtunza inawezekana. Akawaeleza kwamba kuna kitengo cha tiba shufaa, yaani kazi yao ni mgonjwa asiyepona asiteseke, na walio naye wasiachwe peke yao. Nesi wa kitengo hicho angekuja nyumbani. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Alipotoka mle ndani akanyoosha kitasa cha mlango kilichokuwa kimelegea, akakaza skrubu kwa kucha, ndipo akaondoka.

Nesi akaja. Mwanamke mfupi, raba miguuni, mkoba mgongoni, kicheko kikubwa kuliko yeye. Mtaani wakamwita Nesi wa Maumivu, na yeye hakuona ubaya, akasema afadhali kuitwa hivyo kuliko kuitwa Nesi wa Pole Sana. Akawaandalia mofini ya maji, chupa na sindano ya plastiki isiyo na ncha ya kumpimia mdomoni. Akasema, sikilizeni, dawa hii haisubiri mtu alie. Inatolewa kwa saa zake, maumivu yawepo yasiwepo, ili yasipate nafasi ya kurudi. Wote tukaitikia, naye akaaga.

Sasa njoo usikie. Siku ya kuongeza dawa, wifi alitumwa kwenye duka la dawa la zahanati. Yule kijana wa dirishani akaitazama chupa, akamtazama wifi, akasema, mama, hii dawa kali sana, mtoto ataizoea. Wifi alirudi akanieleza. Nilivaa kandambili zangu nikaenda mwenyewe, mkononi bado nina mafuta ya nywele. Nikamuuliza, aizoee mpaka lini? Akiwa mzee itamsumbua? Una mpango wa kumwona akiwa mzee, utuambie sisi? Akatazama chini. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilishafika kwa mdogo wangu, na kwake lilipata mahali pa kukaa. Dawa kali. Mtoto ataizoea. Na mtoto mwenyewe ni komandoo, wala halii. Akaiweka chupa juu ya kabati la nguo, nyuma ya redio, na akasema atampa akiomba.

Unadhani aliomba?

Nesi aliporudi, jambo la kwanza aliulizia chupa. Mdogo wangu akaishusha kwa fahari. Nesi akaiinua dirishani kwenye mwanga, na mimi niliyekuwa mlangoni niliona alichokiona. Chupa ilikuwa imejaa. Mdogo wangu akasema, hajaihitaji, nesi, huyu bwana ni mgumu. Mtoto amelala pale kitandani, macho kwa baba yake, akatabasamu. Nesi hakupandisha sauti. Akasema tu, baba, naomba uniletee maji ya kunawa, na usiharakishe.

Baba alipotoka, nesi akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa mfukoni vizibo vitano vya soda, akavipanga kwenye shuka. Akamwambia Komandoo, kizibo kimoja ni maumivu kidogo, kama umejikwaa. Vyote vitano ni maumivu makubwa kabisa. Nionyeshe ya kwako, na hapa hakuna kudanganya, maana ukinidanganya mimi nitakupa dawa ya mtu mwingine. Mtoto akautazama mlango kwanza. Kisha akavikusanya vyote kwa viganja viwili, akauliza, nesi, huna vingine?

Wifi alitoka nje akaenda kujishika kwenye ukuta wa bafu. Mimi nilibaki, lakini sikuwa na macho ya kuona. Nesi akampa dawa pale pale, akamshika mkono, akamsubiri. Baada ya muda vile vidole vya mguu vikaanza kukunjuka, kimoja kimoja, na mtoto akasema kwa sauti ya usingizi, shangazi, usimwambie baba.

Usimwambie baba. Kwa hiyo kumbe mtoto alikuwa na kazi mbili, kuumwa na kuficha. Na sisi wote, hospitali nzima na mtaa mzima, ndio tuliompa hiyo kazi ya pili, tukaipamba kwa jina zuri.

Nilikwenda karakana. Mdogo wangu alikuwa ameyaacha yale maji ya kunawa mlangoni, ameshakimbilia kazini, kainama juu ya geti la mtu, cheche zinaruka. Nilichomoa waya wa mashine ukutani. Akavua miwani akanitazama.

"Mwanao anaumwa," nikamwambia. "Anaumwa mpaka vizibo vimeisha."

"Dada, mwenyewe anasema haumwi. Sasa nimwite mwanangu muongo?"

"Anadanganya kwa ajili yako. Anakulinda wewe, mtu mzima na mandevu yako."

Akawa anasugua ncha ya geti kwa kidole gumba, pale palipokuwa bado pa moto. Nilitaka kumpiga. Kisha akasema kitu ambacho nilikuwa sijakitegemea. Akasema, "Akianza kulia, mimi nitafanya nini? Geti likipinda nanyoosha. Yule siwezi kumnyoosha. Akinyamaza angalau naweza kukaa naye chumba kimoja."

Hasira yangu haikuisha, lakini ilihama mahali. Ilimwacha yeye, ikaenda kwa yule mtu wa mbele ya jeneza na wote wa aina yake, wanaomfundisha mwanaume kwamba kilio cha mtu ni mzigo asioweza kuubeba. Nikamwambia afunge karakana twende.

Nesi alikuwa bado yupo. Alimkalisha mdogo wangu sakafuni kando ya kitanda, uso wake ukalingana na wa mtoto. Vile vizibo vilikuwa bado juu ya shuka. Nesi akamgeukia baba, si mtoto. Akamuuliza, "Na wewe baba, tangu mwanao augue, unaumwa kiasi gani? Tuonyeshe hapa."

Mdogo wangu akaona aibu. Akasogeza kizibo kimoja kwa kidole.

Komandoo akageuza kichwa kwenye mto. "Baba," akasema, "nesi kasema hakuna kudanganya."

Nimeishi na mdogo wangu tangu azaliwe na sikuwahi kuuona uso ule. Alivisukuma vizibo vyote mbele, halafu mikono ikabaki pale pale juu ya shuka, na akalia. Hakulia vizuri, maana hakuwa na mazoezi. Alikohoa, alikwama, alitoa sauti za mtu anayeinua kitu kizito. Mtoto alimtazama, akashangaa, halafu naye mdomo ukapinda, na akaanza kulia. Akasema, baba, inauma hapa, na hapa, na usiku inauma mpaka nasikia kwenye meno. Akaonyesha sehemu zote. Baba akawa anaitikia, hapa? Na hapa? Kama fundi anayeelekezwa kazi, jamani, na machozi yanamtiririka.

Tangu siku hiyo chupa ilikaa kitandani, si kabatini. Mdogo wangu aliweka kengele kwenye simu, na ikilia, anaacha kazi ilivyo. Mteja mmoja alimkuta anaondoka geti likiwa nusu, akaanza kufoka kwamba fundi gani huyu asiyemaliza. Nilikuwa pale nimempelekea chai. Nikamjibu mteja mimi, na alichokisikia sitakirudia hapa. Mtoto naye akawa mtoto. Akalia alipogeuzwa, akanuna, akadai biskuti, akarudisha maswali yake. Alimuuliza nesi kama atakufa. Wazee wa familia walikuwa wamekataza neno hilo lisitajwe ndani ya nyumba. Nesi akamuuliza, wewe unaonaje? Akasema, naona ndiyo, lakini mama hapendi nijue. Wifi alikuwa anamfuta miguu. Aliacha kitambaa, akapanda kitandani akalala nyuma yake, akamwambia, basi leo tunajua wote. Waliongea sana siku hiyo. Mimi nilitoka nikawaacha, nikakaa ngazini kuwafukuza waliotaka kuja kuona mgonjwa.

Alifariki alasiri moja ya kawaida, jirani anafua, redio ya mtu inasoma matangazo. Kichwa kwenye mapaja ya mama, ule mguu mbovu mikononi mwa baba. Hakuwa anaumwa. Hilo nalijua kwa sababu nilitazama vidole.

Msibani sasa. Walijaa, viti vikakosa, na kila aliyefika alimshika mdogo wangu mkono na neno lake moja: jikaze. Jikaze bwana. Jikaze, wewe mwanaume. Mama mtoto anakutegemea, jikaze. Nilihesabu mpaka nikaacha. Mtu amefiwa na mwanawe wa pekee na hakuna hata mmoja aliyekuja kumwambia akae chini. Nikamwona anajifunga, kidogo kidogo, mbele ya macho yangu. Akafunga turubai, akabeba viti, akachimba na wachimbaji. Na kesho yake, kabla hata wageni hawajaondoka, nikasikia mashine inanguruma.

Watu wakamsifu. Ndiyo, tena. Wakasema, mwanaume yule, kazini siku ya pili. Wifi yangu akabaki ndani peke yake na nguo za mtoto, mumewe anarudi giza likiingia, anakula kimya, macho mekundu yanavuja. Akiulizwa anasema ni moto wa mashine. Nikaamini wiki ya kwanza. Halafu siku moja nikapita karakana bila kutarajiwa, nikamkuta anachomelea macho matupu, bila miwani. Miwani imening'inia msumarini. Kila fundi wa kazi ile anajua kwamba ukiutazama ule mwanga bila miwani macho yatawaka na kumwaga maji usiku kucha. Yeye ndiye anayewafokea wanafunzi wake wakisahau. Na yeye hakusahau. Alikuwa anajitengenezea sababu ya kutokwa machozi ambayo hakuna mtu angeiulizia.

Nilimwambia Nesi wa Maumivu. Alikuwa anakuja bado, kila wiki, na mtaa ulishaanza kumsema. Mgonjwa si ameshaondoka, anafuata nini? Mama mmoja aliuliza hivyo kwenye kiti changu cha saluni, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa. Nikamwambia, mgonjwa mmoja ameondoka, wawili wamebaki, na ukiendelea na maswali utarudi kwako na huo upande mmoja. Nesi alikwenda karakana mwenyewe. Aliitoa miwani msumarini akampa. Akasema, "Utapofuka kwa kuogopa kulia. Vaa hii ukiwa kazini. Ukimaliza kazi, rudi nyumbani ulie na mkeo. Anakusubiri."

Akawaalika kwenye kikao cha wazazi waliofiwa, chumba cha nyuma cha zahanati, mabenchi manne na jagi la maji. Mdogo wangu alikwenda akakaa karibu na mlango. Kikao cha kwanza hakusema kitu, cha pili hakusema kitu. Wifi alisema kwa niaba ya wote wawili, lakini nesi alimwambia, mwachie ya kwake. Nyumbani lakini kuliwaka taa. Wifi aliniambia kwamba sasa wakilala, mmoja akianza kulia, mwenzake haulizi kwa nini. Nilifikiri basi, tumefika pazuri, sasa tutapona polepole kama watu.

Ndipo shule ikaleta mwaliko.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, na nasema hivyo kwa shida. Alitaka kumkumbuka mwanafunzi wake. Aliwapanga watoto wote uwanjani kwa mistari, akatuwekea viti mbele, mimi, mdogo wangu, wifi, na nesi ambaye wifi alimlazimisha aje. Ukutani mwa darasa la tatu kulikuwa na shuka jeupe limetundikwa. Mwalimu mkuu akakamata kipaza sauti, akaanza. Akasema shule hii ilikuwa na shujaa. Akasema mtoto yule alikatwa, akachomwa, akateseka, na hakulia hata siku moja. Hata siku moja, akarudia, akiwanyooshea kidole wale wadogo wa mbele. Na nyinyi mkichomwa mwiba tu mnakimbia ofisini mnalia. Mjifunze kwake. Akavuta shuka, na pale ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: KOMANDOO WETU HAKULIA. TUMUIGE.

Watoto wote wale walipiga makofi.

Nilihisi miguu yangu inataka kusimama yenyewe. Wifi akanibana mkono, kwa nguvu, akaninong'oneza, mwachie. Maana mwalimu mkuu alikuwa ameshamwita mdogo wangu aje kusema maneno mawili matatu, kama baba wa shujaa. Alikwenda taratibu. Kipaza sauti kilipiga mluzi, akakishusha, akakitazama kama kifaa ambacho angependa kukitengeneza kwanza.  Nilijua anachokitafuta. Palikuwa na mlango rahisi pale mbele yake: aseme tunashukuru, arudi kukaa.

"Mwanangu alilia," akasema.

Mwalimu mkuu akatabasamu, hajaelewa.

"Alilia. Mwanzoni hakulia kwa sababu mimi nilikuwa namsifu. Alikuwa anaumwa, mimi namsifu. Dawa ilikuwepo ndani, juu ya kabati, na mimi nasubiri aombe, na yeye anaogopa kuomba asije akaniangusha. Mlichoandika hapo ukutani ni zile siku. Hizo ndizo siku mbaya kuliko zote." Sauti ilikuwa inakatika, na hakuificha, akawa anafuta uso kwa mkono mbele ya shule nzima. "Siku alipolia ndipo nikajua panapouma. Siku alipolia ndipo nikaweza kuwa baba yake. Msimuige alipokuwa amenyamaza. Mtu akiumwa anasema. Asiposikilizwa anasema tena, kwa mtu mwingine, mpaka apatikane wa kusikia. Ni hayo tu."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshamfikia, anamshika mkono, anachukua kipaza sauti. Akasema, jikaze mzee wangu, jikaze, tunaelewa, ni uchungu, tumpigie makofi baba yetu. Lakini makofi hayakuja. Mstari wa mbele kabisa, mtoto mmoja wa darasa la kwanza, soksi moja juu moja chini, alikuwa ameinua mkono.

"Mimi sikio linaniuma," akasema.

"Kaa chini," mwalimu mkuu akamwambia. "Utasema tukimaliza."

Mdogo wangu alishapita. Aliachia mkono wa mwalimu mkuu, akaenda akachuchumaa vumbini mbele ya yule mtoto, uso bado umelowa.

"Lipi?" akauliza.

Mtoto akaligusa. Nesi wa Maumivu alikuwa anafungua mkoba wake tayari. Mwalimu mkuu akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mtu mzima wa karibu, akasema ratiba inachelewa. Nikamwambia aiache ichelewe, na ageuke atazame. Nyuma ya yule mtoto mwingine alikuwa ameinua mkono, na mwingine, na kwenye mistari ya wakubwa, ile ya wavulana wanaojifanya hawana habari, mikono ilikuwa inaendelea kupanda.